Uzito wa besi: dhana potofu na ukweli wake

Besi wa mdomo mpana ni samaki wa maji baridi mwenye asili ya Amerika Kaskazini, ingawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 anapatikana pia katika Ziwa Naivasha nchini Kenya. Nchini Marekani uzito wake hubishaniwa vikali, na ubishi huo umezaa dhana ambazo huwaonea wavuvi waaminifu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mvuvi anayetaja uzito uliopita kiasi ni mwongo. Mara nyingi mtu huyo hakupima kabisa, bali alikadiria kwa macho, na macho hayaiwezi kazi hiyo. Besi anayemzidi mwenzake urefu kwa asilimia 10, wakiwa na umbo moja, humzidi uzito kwa takriban asilimia 33, kwa hiyo kosa dogo la urefu huwa kosa kubwa la kilo.

Wengine huamini kwamba picha inatosha kuwa ushahidi. Tuchukue kamera iliyo mita 2 kutoka kwa mvuvi, naye amenyoosha mikono na kumsogeza samaki sentimita 60 mbele: samaki huyo ataonekana mrefu kwa zaidi ya asilimia 40 akilinganishwa na mwili wa aliyemshika, na mtazamaji anayekisia uzito kutokana na urefu huo atataja karibu mara tatu ya uzito halisi.

Ipo pia imani kwamba utepe wa kupimia unaweza kuchukua nafasi ya mizani. Kanuni maarufu huzidisha urefu kwa mraba wa mzunguko wa kiwiliwili, vyote kwa inchi, kisha hugawanya kwa 800 ili kupata ratili. Besi wa rekodi ya dunia, aliyevuliwa na George Perry katika jimbo la Georgia tarehe 2 Juni 1932 aliandikwa kuwa na urefu wa inchi 32.5 na mzunguko wa inchi 28.5, vipimo ambavyo kwa kanuni hiyo vinatoa ratili 33, ilhali mizani ilisoma ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo. Wenye shaka huishikilia tofauti hiyo, na wana haki ya kuuliza, lakini kwa maoni yangu kanuni ya makadirio haiwezi kuhukumu mizani, hasa kwa samaki wanene kupindukia.

Si kweli pia kwamba tofauti yoyote huvunja rekodi. Tarehe 2 Julai 2009, katika Ziwa Biwa nchini Japani, Manabu Kurita alivua besi wa ratili 22 na aunsi 4.97. Chama cha kimataifa cha uvuvi wa burudani, IGFA, hudai nyongeza ya aunsi 2 kwa samaki wa uzito huo, kwa hiyo kilimtangaza kuwa sawa na Perry, baada ya Kurita kukubali hata kupimwa kwa mashine ya kugundua uongo.

Mwisho ni dhana kwamba kila mvuvi hukimbilia sifa. Mwaka 2006, katika Ziwa Dixon, California, besi mmoja alisoma ratili 25 na aunsi 1 kwenye mizani ya mkononi. Kwa kuwa ndoana ilikuwa imemnasa nje ya mdomo, aliyemvua alimrudisha majini na hakuomba rekodi.