Watu wa Lundha walidai himaya, na hawakuwa wakibembeleza

Kila ninapofundisha Piny Owacho, vuguvugu la watu wa Nyanza la mwaka 1921, hapa Kisumu, hakosi mwanafunzi wa nyuma wa kuinua mkono: "Mwalimu, hawa walikuwa wanampinga Mwingereza au wanambembeleza?" Simlaumu. Tarehe 23 Desemba 1921 umati mkubwa ulikusanyika Lundha, kule Gem, ukatoa madai yake: kodi ipunguzwe, kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kazi, kiondolewe, shule za serikali zijengwe, watu wapewe hati za mashamba. Halafu linakuja lile linalowakera vijana wangu: nchi irudishwe kuwa himaya ya Uingereza. Uhuru haukutajwa.

Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa dai kali kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Julai 1920 London iliigeuza himaya ya Afrika Mashariki kuwa Koloni la Kenya. Wengi hudhani ni jina tu lililobadilika. Sivyo. Kwenye himaya, nchi bado ina wenyewe. Mgeni amekuja kulinda, au angalau ndivyo anavyodai. Kwenye koloni, nchi ni mali ya Mfalme. Miaka hiyohiyo Jaji Mkuu Barth, akiamua kesi ya shamba la Wakikuyu, alisema kwamba Waafrika ni wapangaji wa Mfalme tu, tena wapangaji wa kuondolewa wakati wowote. Yaani kaburi la babu yako liko kwenye kiwanja cha mtu wa London.

Sasa tazama Pwani. Ukanda wa maili 10 haukuingizwa kwenye koloni. Ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza ameukodi, na mpangaji hajimilikishi nyumba ya kupanga. Kwa hiyo Mombasa ikabaki himaya. Sisi wa Nyanza hatukuwa na Sultani wala mkataba. Viongozi waliochaguliwa Lundha kuongoza chama kipya, Jonathan Okwiri mwenyekiti, Benjamin Owuor Gumba katibu na Simeon Nyende mweka hazina, walikuwa wasomi wa misheni, watu waliopitia shule ya Maseno. Walijua kusoma tangazo la serikali, na walijua ni neno gani limewanyang'anya ardhi.

Mengine yalikuwa machungu ya kila siku. Kodi ya nyumba ilipandishwa hadi rupia 8, na fedha ilipobadilishwa ikawa shilingi 16. Mwaka 1921 walowezi nao wakakata mishahara kwa theluthi. Kipande kilivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Nyumba nyingi zilikuwa bado zinawalilia vijana waliopelekwa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa jeshi, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na hawakurudi.

Mbona hawakushika mikuki? Mikuki ilikuwa imeshajaribiwa sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yalikumbukwa. Tena walielewa kwamba serikali ile iliishi kwa vitu viwili kutoka Nyanza: kodi na vibarua. Mkutano wa amani uliojaa watu uliitia serikali hofu, hasa baada ya Machi 1922, polisi walipowamiminia risasi watu wa Nairobi waliodai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe. Julai mwaka huo Gavana Northey mwenyewe alikuja Nyahera kuwasikiliza. Kodi ikashuka hadi shilingi 12. Kuhusu himaya na hati za ardhi hawakupata kitu.

Kisha akaingia Shemasi Mkuu, yaani Archdeacon, Owen wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1923 chama kiligeuka kuwa cha ustawi wa walipa kodi, yeye akiwa rais wake, na wanachama wakawa wanaahidi kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Ndiyo, panya! Darasa hucheka hapo. Walowezi walimchukia Owen hata wakamwita Archdemon, yaani shetani mkuu, kwa kulichezea jina la cheo chake, na ni kweli aliwatetea watu dhidi ya shokoa, yaani kazi za kulazimishwa. Lakini mimi sina huruma naye sana. Alichukua swali la nani mwenye nchi akalifanya swali la usafi wa boma. Tauni ilikuwepo, panya waliuawa, na ardhi ikabaki ya Mfalme.

Moto haukuzimika wote. Mwaka 1931 Ezekiel Apindi wa Nyanza alikuwa miongoni mwa Waafrika watatu kutoka Kenya waliotoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge London.

Yule wa nyuma ya darasa, nikifika hapa, nami humuuliza: kwa nini Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya Uhuru, ilibidi makubaliano ya pekee yatiwe saini ili ukanda wa Pwani uwe wa Kenya, na kwa Gem hakuna aliyehitaji kutia saini yoyote? Huwa anakaa kimya kidogo. Halafu anarudi kwenye daftari, kwenye dai lile la himaya, na kulisoma upya.