Fizi Zinazovuja Damu, Sukari Isiyoshuka

Wengi wanaokuja kwa daktari wa meno huletwa na maumivu, na ndiyo maana ugonjwa wa fizi unawapita: kwa kawaida hauumi. Unaanza na damu kidogo kwenye mswaki, inafuata harufu ya kinywa ambayo dawa ya meno haiiondoi, kisha meno yanaachana na kuanza kucheza. Ikifika hapo, mfupa unaoyashikilia umeshaliwa kwa miaka. Mimi ni daktari wa meno, na ugonjwa huu unanihangaisha zaidi ninapouona kwa mtu mwenye kisukari, au kwa mtu ambaye bado hajajua kwamba anacho.

Tuanze na fizi zenyewe. Kinywani mwa binadamu kumekutwa aina zipatazo 700 za bakteria, na wengi wao hawana ubaya. Tatizo linaanza wanapoachwa wajenge utando pale jino linapokutana na fizi. Utando huo ni ukoga: laini, na mswaki unautoa. Ukiachwa, unashika madini ya mate na kuwa ugaga, ambao mswaki hauuwezi tena. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio walilofanya huko Aarhus, Denmark. Waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote 12 fizi zao zilivimba, kati ya siku ya 10 na ya 21. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona baada ya wiki moja hivi. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linajibu swali ninaloulizwa karibu kila siku. Kwa watu wengi, fizi kutoa damu si upungufu wa vitamini, ni ukoga. Anayeacha kupiga mswaki upande unaotoa damu, kwa kuuonea huruma, anazidi kuuharibu.

Kwa baadhi ya watu uvimbe huo hauishii juu. Fizi inaachana na jino, panabaki uwazi tunaouita mfuko. Ninaupima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Nakiteremsha polepole kati ya jino na fizi, sehemu sita kuzunguka kila jino, huku nikitaja namba na msaidizi wangu akiandika. Mbili, tatu, mbili: hapo pazima. Nikianza kutaja tano, sita, saba, na kijiti kinatoka na damu au usaha, mgonjwa mwenyewe hunigeuzia macho. Ukuta wa ndani wa mfuko huo ni kidonda. Kwa mtu ambaye ugonjwa umemkolea, ukivitandaza vidonda hivyo vyote pamoja vinaweza kufika sentimita za mraba 8 hadi 20. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mguuni, mtu angekimbia hospitali. Cha kinywani anatafunia ugali, na katika kutafuna bakteria wanapenya kuingia kwenye damu.

Mwili haukai kimya. Unamwaga kemikali za kupambana na wavamizi, na baadhi yake, hasa zile ziitwazo TNF-alfa na interleukini-6, zinaifanya misuli, mafuta na ini visiitikie ipasavyo insulini, yaani homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Dawa unameza, insulini ipo, lakini sukari inabaki kwenye damu. Upande wa pili nao ni mbaya vilevile: sukari iliyozidi huzidhoofisha chembe nyeupe za damu, huharibu mishipa midogo inayolisha fizi, na kidonda kinachelewa kufunga. Fizi inaipandisha sukari, sukari inaiharibu fizi.

Huyo huyo Löe, mwaka 1993, aliandika kwamba ugonjwa wa fizi ni tatizo la sita linaloletwa na kisukari, pamoja na madhara ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda kuchelewa kupona. Ushahidi wake mwingi ulitoka kwa Wapima (Pima), wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, jamii ambayo kisukari kimeitesa sana. Mwaka 2005 utafiti mwingine katika jamii hiyo ulionyesha kwamba wenye kisukari waliokuwa na ugonjwa mkali wa fizi walikufa kwa maradhi ya moyo na figo kwa kiwango cha mara 3.2 kulinganisha na wenzao wasio na ugonjwa mkali. Siwezi kusema fizi peke yake ndiyo iliyowaua. Nasema hivi: daktari anayeangalia macho, miguu na figo za mgonjwa wa sukari bila kumwambia afungue kinywa, hajamaliza kumpima.

Habari njema ni kwamba mzunguko huu unakatika. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yaliyokusanya majaribio zaidi ya 30, yalikuta kwamba wagonjwa wa kisukari wakitibiwa fizi, HbA1c yao, yaani kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, inashuka kwa takribani asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu au minne. Hicho si kiasi cha kudharau kwa mtu ambaye namba yake imekwama kwenye 8 au 9. Nayo matibabu yenyewe ni ya kawaida kabisa: kukwangua ugaga chini ya fizi, mara nyingi kwa ganzi, kisha mgonjwa kufundishwa kusafisha katikati ya meno na kurudi kila baada ya miezi mitatu hivi. Ila hayachukui nafasi ya dawa za sukari. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimeshasikia watu wakilipindisha.

Nimkumbuke mzee mmoja, dereva mstaafu, aliyeingia akishika taya. Meno yake manne ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza, na moja lilikuwa na jipu dogo kwenye fizi.

"Daktari, haya yang'oe tu, niondoke."

"Mzee wangu, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

Alishangaa, akacheka. Alikuwa anaamka mara nne au tano, na alidhani ni uzee. Tulimtoboa kidole palepale. Kipimo cha sukari kikasoma zaidi ya 15 (milimoli kwa lita), wakati mtu mwenye dalili kama zake akifika 11.1, hata kama amekula, tayari tunazungumzia kisukari. Siku ile hatukung'oa. Tulilitoa usaha lile jipu, tukampeleka kwa daktari wa magonjwa ya ndani, na meno tukayarudia sukari ilipotulia. Mawili yalibaki.

Kuhusu moyo, nawaomba wenzangu wa mitandaoni wanaosema fizi mbovu huleta ugonjwa wa moyo, tupunguze makali. Ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa moyo huonekana pamoja, lakini Chama cha Moyo cha Marekani kilipochambua ushahidi mwaka 2012 kilisema haujathibitisha kwamba mmoja unasababisha mwingine. Uvutaji wa sigara, kwa mfano, unaharibu vyote viwili, na unawadanganya wavutaji, maana fizi zao hutoa damu kidogo hata zikiwa zimeoza ndani. Kitu chenye uhakika ni kingine: mwenye vali bandia ya moyo, au aliyewahi kupata maambukizi ya vali, amwambie daktari wa meno kabla hajakaa kwenye kiti, kwa sababu huenda akahitaji dawa kabla ya kung'olewa jino au kukwanguliwa ugaga.

Na kuna hali isiyosubiri miadi. Magego ya chini, hasa mawili ya mwisho, mizizi yake inashuka chini kwenye taya. Yakioza na usaha ukatoka, unaweza kusambaa chini ya ulimi na kuingia shingoni. Daktari Mjerumani von Ludwig alieleza hali hii mwaka 1836 na bado inaua watu, na mwenye kisukari yuko hatarini zaidi. Ukiona uvimbe mgumu chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umeinuliwa, mate yanashindwa kumezwa, sauti imebadilika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usikandike karafuu wala usinunue vidonge viwili duka la dawa ukangoje asubuhi. Kinachofuata hapo ni njia ya hewa kuziba.

Mwenye sukari anayetaka kuja kwetu, chukua miadi ya asubuhi. Kunywa chai na kula kama kawaida, tumia dawa zako kama kawaida; watu hufunga wakidhani wanakuja kupasuliwa, halafu sukari inashuka kitini. Beba kadi ya kliniki. Na kama huna historia ya sukari lakini fizi zinaendelea kuvuja damu wiki kadhaa baada ya kusafishwa vizuri, au majipu ya fizi yanajirudia, omba upimwe.