Nyumbani kwa Gor Mahia ni wapi hasa?

Siku klabu ya soka ya Gor Mahia wanapocheza kwenye uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu, bodaboda za mtaa wa Kondele hufungwa bendera za kijani tangu asubuhi, na kila mtu husema, "Gor wamerudi nyumbani." Wengi wetu Kisumu tumekua tukiamini kwamba klabu ilizaliwa hapa, kisha ikahamia Nairobi. Sivyo. Gor iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, na makao yake ni Nairobi.

Uwanja uliowalea ni City Stadium, kando ya Jogoo Road. Siku hizi unaitwa Joe Kadenge, na ajabu ni kwamba Kadenge alikuwa nyota wa Abaluhya, timu tunayoijua leo kama AFC Leopards, mahasimu wao wakubwa! Hata marudiano ya fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987, dhidi ya Esperance ya Tunisia, yalichezwa Nairobi.

Uwanja wa Mamboleo bado mchanga. Uliandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021. Kabla yake, Gor walipoleta mechi za nyumbani huku kwetu, tulijazana Moi Stadium.