Kwa nini boti moja ilikuwa na saa mbili tofauti kwenye blogu yetu

Jamaa wakisikia nimejenga blogu ya ofisi juu ya Domino wananicheka, ati si ule mtambo wa barua wa kina babu? Naam, ndio huohuo, Notes, programu ya ofisi ambayo Domino ndio seva yake, ya kwanza ilitoka 1989, Domino ya kutoa kurasa za wavuti ikaja 1996, IBM wakakaa nayo miaka na tangu 2019 iko kwa HCL. Lakini mimi nafanya kazi Lamu, na huku programu huchagui kwa urembo.

Tuna seva mbili, moja hapa kisiwani nyingine Malindi, na laini iliyo kati yao ikiamka salama asubuhi basi saa nane mchana haipo. Domino haijali. Faili moja la .nsf, yaani hifadhidata, limebeba kila kitu, fomu, viu (orodha za dokumenti), posti zenyewe, na kila seva ina nakala yake, kwa hiyo wa Malindi anaandika kwake wa Lamu kwake, laini ikirudi seva zinapashana yale yaliyobadilika tu. Posti ni dokumenti, komenti ni dokumenti mtoto chini yake, na blogu yenyewe ni viu iliyopangwa kwa tarehe, mpya juu. Hujaandika HTML, ile lugha ya kurasa za wavuti, hata mstari na ukurasa ushapata, sura mbaya lakini ukurasa.

Sasa balaa. Asubuhi moja mwenzetu ananipigia yuko Mokowe kwenye jeti ya boti, "Kaka, boti ya wafanyakazi ni saa moja au saa mbili? Mimi naona zote." Kufungua, kweli, posti mbili kichwa kimoja. Mimi nilirekebisha saa kwenye posti nikiwa Lamu, mwenzangu wa Malindi akarekebisha posti ileile laini ikiwa imekatika, zilipokutana Domino ikaweka moja mbele na ya pili ikaipa alama ya mgongano. Na iliyowekwa mbele ilikuwa yake, yenye saa ya zamani! Manake Domino haimpi ushindi aliyesevu mwisho, inampa aliyesevu mara nyingi zaidi, wakilingana ndio inaangalia nani kasevu mwisho. Na yule bwana akiandika sentensi anasevu, akitia koma anasevu.

Kuna mpangilio kwenye fomu wa kuunganisha migongano yenyewe, niliiwasha, inasaidia mkigusa fildi tofauti (visanduku vya kujaza), mkigusa fildi moja mmerudi palepale. Kwenye viu nikaongeza !@IsAvailable($Conflict), sharti la kuficha dokumenti zenye alama ya mgongano, ili msomaji asione pacha, ila hiyo ni kufunika tu, ugomvi bado umo ndani ya faili.

Kilichofaa ni matoleo. Fomu nimeiseti kila ukirekebisha posti na kusevu izaliwe dokumenti mpya chini ya ile ya kwanza, ya kwanza haiguswi, hakuna cha kugombania. Komenti ndio maana hazikuwahi kuleta fujo, kila moja ni dokumenti yake. Halafu mimi peke yangu, kwenye seva ya Lamu, natia alama toleo la kuonekana.

Posti ya boti sasa ina matoleo 17. Yangu ni mawili.