Je, kuonyesha mchezo kabla haujakamilika ni kualika wezi?

Watengenezaji wengi wa michezo ya kompyuta na simu huamini kwamba wakionyesha kazi mapema mtandaoni, mtu ataiba wazo na kuwatangulia sokoni. Hivyo hukaa kimya hadi siku ya kuuza.

Hofu hiyo ina msingi, maana michezo huigwa kweli. Ila waigaji kwa kawaida hufuata kilichokwisha kupata soko. Flappy Bird, mchezo wa simu, ilitoka mwaka 2013 na kwa miezi kadhaa haikusikika sana. Nakala zake zilifurika 2014, ilipokwisha kuvuma. Tena wazo tupu halina hakimiliki. Ibara ya 9 ya mkataba wa TRIPS wa 1994, unaohusu haki miliki katika biashara ya kimataifa, inasema kinacholindwa ni namna wazo lilivyotekelezwa. Michoro, muziki na msimbo wako hubaki vyako hata ukisambaza picha. Na utekelezaji huo, ambao ndio unaokula miaka, hauonekani kwenye picha moja.

Ukimya nao una gharama. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ukurasa wa mchezo hufunguliwa kabla ya mauzo, na aliyeuweka kwenye orodha ya matamanio huarifiwa ukitoka. Asiyeujua atauwekaje?

Unaweza kuchunguza mwenyewe. Tafuta kwenye mitandao ya kijamii alama ya #screenshotsaturday, ambayo watengenezaji hutumia kuonyesha maendeleo siku za Jumamosi. Rudi nyuma miaka kadhaa, chukua majina machache ya michezo, uyatafute dukani. Angalia mingapi ilitoka, mingapi iliachwa njiani (nadhani hii itakushangaza zaidi), na mingapi ilitanguliwa na nakala.