Kupima hitilafu katika Python maana yake nini?

Fanksheni ikipewa kitu isichokubali, haitakiwi kukaa kimya wala kubuni jibu. Inatakiwa irushe hitilafu. Kupima hitilafu, basi, ni kuandika jaribio linalofaulu pale tu fanksheni inaporusha hitilafu uliyoitarajia. Isiporusha, jaribio linafeli.

Tuseme unamwandikia programu mnunuzi wa viazi pale Uyole, Mbeya. Gunia likizidi kilo 100 ni lumbesa, na lumbesa hairuhusiwi kisheria, kwa hiyo programu iikatae:

```python
def thamani(kilo, bei):
    if not 0 < kilo <= 100:
        raise ValueError("uzito haukubaliki")
    return kilo * bei
```

Jaribio lake kwa pytest, maktaba ya kuandikia majaribio ya Python (`match` inakagua kama ujumbe wa hitilafu una neno hilo):

```python
import pytest

def test_lumbesa():
    with pytest.raises(ValueError, match="uzito"):
        thamani(130, 800)
```

Kesho mwenzako akiufuta ule ukaguzi wa uzito, fanksheni itarudisha 104000 bila wasiwasi wowote, na lumbesa itakuwa imepita. Jaribio ndilo litakalopiga kelele: `DID NOT RAISE`. Wanaotumia unittest, maktaba ya majaribio inayokuja na Python yenyewe, wana `assertRaises`, na kazi ni ile ile.

Wengi wanakwama kwenye kuchagua aina ya hitilafu. Ukiandika `pytest.raises(Exception)`, bila `match`, umefungua mlango kwa kila kitu. Ukikosea herufi ukaita `thamni(130, 800)`, Python itarusha `NameError`, ambayo nayo ni aina ya `Exception`, na jaribio litafaulu. Rangi ya kijani kwenye skrini, na lumbesa haijapimwa hata kidogo! Mimi naona jaribio la namna hiyo ni baya kuliko kutokuwa na jaribio, maana linakupa imani ya bure. Taja aina finyu kadiri unavyoweza.

Ndani ya `with` weka mwito mmoja tu. Ukipanga `thamani(130, 800)` na chini yake `thamani(-5, 800)`, huo wa pili hautafikiwa kamwe, kwa sababu wa kwanza ukisharusha hitilafu Python inatoka humo. Na kwenye unittest, ukitaka njia ya mstari mmoja, andika `self.assertRaises(ValueError, thamani, 130, 800)`. Ukiandika `thamani(130, 800)` humo kwenye mabano, fanksheni itaitwa kabla `assertRaises` haijaanza kazi, na hitilafu yake italivunja jaribio.

Pima na mpaka wenyewe: kilo 100 kamili lazima zipite bila hitilafu.

Halafu kuna uzito unaotoka kwenye fomu ya simu, ambao mara nyingi hufika kama maandishi, `"130"`. Hapo `ValueError` yako haifikiwi. Python yenyewe inarusha `TypeError` inapojaribu kulinganisha namba na maandishi. Ama uyageuze kwanza kwa `float()`, ama uandike jaribio jingine linalotarajia `TypeError`.