Leseni ya daraja E haikuruhusu kubeba abiria

Vijiweni madereva wengi wa Tanzania huamini kuwa madaraja ya leseni hupanda kwa alfabeti: ukifika E, yote ya chini yake ni yako. Si kweli, na imani hiyo inahatarisha abiria.

Kila herufi inataja aina ya chombo. B ni gari lako binafsi, si la biashara. Pikapu ya kusambazia bidhaa inataka D. E inakufikisha kwenye malori makubwa, lakini magari ya abiria na pikipiki hayamo. Kwa hiyo dereva wa semitrela aliyezoea Dar es Salaam hadi Tunduma haruhusiwi kushika usukani wa Hiace ya daladala kwa leseni hiyo. Pikipiki ya cc 150 nayo ina daraja lake, A, na bajaji ni A2.

Abiria wamo kwenye kundi la C, na hapo ndipo watu huchanganya zaidi. Coaster inayozidi abiria 15 ni C1, ambayo huipati bila uzoefu wa miaka 3 ya D. Basi la abiria 30 na kuendelea ni C, nayo inadai miaka 3 mingine ukiwa na C1 au E. Yaani E inakufungulia njia ya kuomba C, haichukui nafasi yake.

Na kuhuisha leseni hakupandishi daraja. Kupanda kuna maombi yake, mafunzo na majaribio ya polisi wa usalama barabarani. Tajiri anayekukabidhi funguo za basi aione kwanza hiyo C kwenye kadi yako.